Bamba Lililolia

Siku nilipolikata lile bamba hakukuwa na vita vya kuonekana kwa macho. Ilikuwa Jumatano asubuhi katika karakana ya kikosi chetu pale Isiolo, upepo umetulia, harufu ya githeri ikitoka jikoni. Miaka michache ilikuwa imepita tangu uhuru. Mashifta, wale waasi wa mpakani, walikuwa huko mbele, kwenye vichaka vya barabara ya kaskazini, na sisi tulikuwa na gari la deraya lenye ufa.

Gari la deraya si kifaru. Watoto wa shule wanaokuja kulitazama siku hizi huliita kifaru, nami nimechoka kuwasahihisha. Kifaru hutambaa kwa minyororo. Hili lina magurudumu manne ya mpira, ngozi ya chuma na bunduki moja juu. Dereva huketi mbele, chini kabisa, akichungulia kwenye dirisha dogo la chuma ambalo hufungwa hatari ikikaribia. Dereva wetu aliitwa Njeru, kijana wa Mbeere, mrefu kupita kiti chake. Mimi, Kirimi wa Ruiri, nilikuwa fundi.

Bomu la ardhini lilikuwa limepasua bamba lililo chini ya dirisha lake. Tuliomba lingine, tukaambiwa linakuja. Wiki zikapita. Msafara wa chakula ulikuwa uondoke Ijumaa, na bila deraya mbele malori hayangeenda.

Kosa nililofanya ni kosa la watu wa kwetu. Kabla ya jeshi nilifunzwa kazi kwenye shamba la ngano kule Timau. Huko kombaini haikungoja spea, maana mvua nayo haikungoja kombaini. Ulitafuta chuma kinene, ukakigonga kwa nyundo, ukasikiliza. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti butu, kitupe. Ukishakifunga unapiga alama yako, ili kikikatika watu wajue wa kumwuliza. Alama yangu ilikuwa nukta tatu. Njia hiyo haikuwahi kunitupa, lakini ilikuwa njia ya ngano.

Nyuma ya karakana kulikuwa na trela kuukuu la trekta. Nikakata bamba kwenye ubavu wake, nene kama kidole, nikalitoboa, nikalifunga kwa bolti nane na kupiga nukta zangu tatu. Njeru akaja na sahani yake mkononi.

"Itashika?"

Nikagonga. Lililia vizuri, mpaka mpishi akageuka kutazama.

"Sikia mwenyewe," nikamwambia.

"Ai, nyinyi Wameru! Hata sufuria ya mama ikilia mtasema ni ya vita." Akacheka, akarudi kula. Hakuuliza tena.

Chuma kinaweza kulia vizuri na bado kikapitisha risasi. Chuma cha deraya hupikwa kiwandani kwa namna yake. Hayo nilikuwa nimefundishwa darasani, nikayaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Lakini sikio langu lilikuwa limesomea Timau, na sikio ndilo nililoliamini.

Ijumaa tuliondoka jua likiwa bado pole. Deraya ilitangulia. Mimi nilikuwa kwenye lori la tatu, juu ya magunia ya unga. Tulifika kwenye laga, ule mto wa mchanga mtupu, na deraya ikapunguza mwendo ili ishuke.

Kisha risasi.

Nilijitupa chini ya lori. Nikasikia bunduki ya deraya ikijibu, ikanyamaza, ikajibu tena.

Deraya haikusogea.

Dakika kumi, labda. Labda nne.

Halafu kimya.

Nilikimbia mbele. Dirisha la dereva lilikuwa wazi. Njeru alikuwa ameinamia usukani. Tulimtoa kwa juu, mimi nikimshika kwapani. Damu ilikuwa kifuani tu. Uso wake ulikuwa safi, ila vumbi kidogo kwenye kope.

Deraya ilivutwa siku hiyo hiyo hadi karakana nyingine, nami sikuiona tena kwa miaka mingi. Ofisa mmoja akaandika kwamba dereva alikaidi amri, akaacha dirisha wazi. Kama lilifunguliwa kabla ya risasi, au baada yake na mpiga bunduki aliyekuwa naye akitafuta hewa mle ndani, hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza.

Nilikuwa miongoni mwa waliompeleka kwao. Mama yake aliniuliza mimi jinsi alivyokufa, kwa sababu Njeru alikuwa amemwandikia kwamba ana rafiki fundi. Nilimwambia yaliyoandikwa.

"Aliacha dirisha wazi, mama."

Akasema mtoto wake tangu utotoni hajawahi kuacha hata boma la mbuzi wazi. Watu wakamtuliza.

Risasi inayopita dirishani humpata mtu usoni. Njeru alipigwa kifuani. Hilo nililijua siku ile ile, nikaamua kutolijua. Nimeishi na uamuzi huo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu, Mungu amrehemu.

Nilistaafu, nikafungua gereji ya trekta pale Ruiri. Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe aliponijia binti mmoja anaitwa Kendi. Alikuwa anaandaa jumba dogo la makumbusho, na alikuwa amepewa deraya iliyosimama miaka mingi kwenye lango la kambi kama pambo. Alisikia mimi ni fundi wa zamani. Nilipofika na kusoma namba ubavuni, namba ya deraya yetu, niliketi juu ya gurudumu. Kendi akadhani ni jua, akaniletea maji.

Nilikubali kazi. Gari la makumbusho halitengenezwi liende. Linatengenezwa liseme ukweli. Hayo ni maneno ya Kendi, na mwanzoni niliyacheka. Nililoweka bolti kwenye dizeli wiki nzima. Nilitoa kiota cha nyigu ndani ya tangi. Halafu nikaanza kukwangua rangi, tabaka baada ya tabaka: kijani, kahawia, rangi ya mchanga, kijani tena. Mbele ya kiti cha dereva nilifanya mwisho. Nilikuwa nazunguka kama paka aliyeona chakula cha moto.

Nukta tatu zilitokea kwanza. Shubiri moja kutoka hapo, chini ya dirisha, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa kulehemu, duara pana kama kidole gumba. Nikaingia ndani na tochi. Duara lile lile, usawa wa kifua.

Kendi akaja kutazama. "Hiyo tundu tunaziba vizuri, Mzee? Wageni wanakuja Jumamosi."

"Nitaona," nikasema.

Pati ya kuzibia nilikuwa nimeshaikoroga. Ukishaikoroga haikungoji, inakauka mkononi. Mkono mmoja wa pati, msasa, rangi ya kijani, na Njeru angebaki mzembe milele na mimi fundi hodari. Nani angejua? Niliogopa, na sioni aibu kusema niliogopa. Nikaitazama ile pati mpaka ikakauka kwenye bati. Halafu nikachukua msumeno wa umeme, nikafungua tundu, nikamwambia Kendi kila kitu. Hakunifariji. Aliniuliza kama kuna mtu wa familia aliye hai.

Alikuwapo dada yake Njeru, Marigu. Alikuja Ijumaa kutoka Mbeere, amevaa kitambaa cha kanisa na sweta, akakataa kiti. Nilimwonyesha dirisha, nikalifunga. Nilimwonyesha tundu chini yake. Akatia kidole, akakitoa, akakitazama.

"Kwa hivyo lilikuwa limefungwa."

"Hata kama lilikuwa wazi, dada, halikumuua. Risasi ilipita hapa."

"Na hii chuma ni ya nani?"

"Ni yangu." Nikamwonyesha nukta tatu. "Ni ya trela. Niliigonga, ikalia, nikamwambia iko sawa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Alipigwa kifuani. Nilijua."

Akaniambia nigonge asikie. Nikachukua nyundo. Bamba likalia vizuri, hata na tundu lake, kama Jumatano ile. Marigu akasikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Mtoto wangu wa kiume wa tatu alikuwa aitwe Njeru," akasema. "Kwetu ilikuwa zamu ya jina la mjomba. Baba yake akakataa, akamwita Nyaga. Akasema jina linakuja na tabia, na hataki mtu mzembe kwake. Mama akalia siku hiyo kuliko siku ya mazishi." Akafunga kitambaa chake upya. "Sasa huyo kijana ana miaka arobaini. Nianze kumwita nani, Kirimi?"

Hakunitukana. Hakusema amenisamehe. Kendi alimsindikiza hadi stendi.

Jumamosi wageni walikuja. Tundu lilikuwa wazi, na ukutani kuna karatasi yenye jina la Njeru, inasema hakufa kwa uzembe wake, na inasema bamba lilifungwa na nani. Wengine waliacha kunisalimu baada ya kuisoma. Ni haki yao. Naenda kila Alhamisi kupangusa vumbi. Gari niliweza kulirudisha kama lilivyokuwa, na hilo ndilo pekee nililoweza kurudisha.

Mwaka uliofuata alikuja mwanamume mrefu, akainama sana kuchungulia kiti cha dereva. Nilimjua kwa mabega, yale yale ya Njeru. Alisoma karatasi, akagusa zile nukta tatu, akanipa mkono. Alipoondoka nilikwenda mbio kwenye kitabu cha wageni, mzee mzima, nikavaa miwani.

Alikuwa ameandika jina lake la siku zote, Nyaga.