Puli ya Meno Ishirini

Mnyororo uliokatika ulikuwa ule wa ndani, unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye klachi. Pikipiki yangu ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Niliinunua kwa padri mmoja aliyerudi kwao, na mnyororo wa namna ile haukupatikana hata wakati wa amani, sembuse mwaka ule vita ilipofunga barabara ya Goma. Mama yangu alikuwa Kibua, goti lake bovu, na habari zilizotufikia Bihambwe zilisema wapiganaji wanakaribia kule. Kutembea asingeweza. Nisipomfuata mimi, hakuna wa kumfuata.

Fundi wetu, mtu wa Butembo mwenye duka upande mmoja na gereji upande wa pili, alifungua injini ya gari lililoungua akatoa mkanda wa mpira wenye meno. Huo ndio ungeshika kazi ya mnyororo. Ulihitaji puli mbili, yaani magurudumu yenye meno ya kuuzungusha. Ile ya klachi ilikuwa moja tu, haikuwa na mjadala. Ya injini ndiyo tulipaswa kuchagua: meno ishirini, yenye nguvu ya vilima, au ishirini na manne, yenye mbio.

"Mwalimu, unataka kukimbia ao unataka kupanda?" akaniuliza.

"Kukimbia," nikasema. Vita ni mbio, hilo hata kuku anajua.

"Na Mama yako iko muzito namna gani?"

Swali liliniudhi. Nikamwonyesha gunia la viazi mlangoni kwake, lililojaa mpaka likashonwa mdomo. Akafunga puli ya ishirini na manne, akalikaza gunia kwenye kiti cha nyuma.

"Haya, pandisha Mama kwanza, tuone."

Sikufika nusu ya kilima cha mbele ya gereji. Klachi ilinuka moshi, injini ikazima, tukarudi kinyumenyume mimi na viazi mpaka mtaroni. Wanawake waliokuwa wakishuka na maziwa walicheka hadi wakatua vibuyu chini.

"Sasa njo umeangusha Mama yako," fundi akasema.

Nilinuna, lakini nikakubali ile ya ishirini. Pikipiki ikapanda kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, kelele nyingi na safari kidogo. Ilinitia aibu. Ila ilipanda.

Nilipofika Kibua kesho yake, Mama alikuwa hai. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Nikakaa chini mbele yake. Yeye na majirani walikuwa wametoka porini siku mbili kabla, walikojificha wakila mizizi. Nilipomwinua kumpandisha, mikono yangu ilimnyanyua upesi kuliko nilivyotegemea. Hakufika hata nusu ya lile gunia. Niligeukia upande wa injini nikajifanya kukagua mkanda, asinione.

"Na huyu?" Mama akasema. Alikuwa akimwonyesha jirani yake, mama mjane, aliyekaa mlangoni akitutazama bila kuomba chochote. "Huyu njo alinibebaka kule mu pori, mutoto wangu. Mie siwezi enda bila yeye."

Nilifungua mdomo kusema pikipiki haiwezi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Kisha nikakumbuka kwamba inaweza.

Tulipanda watatu. Waenda kwa miguu walitupita, na Mama aliitikia salamu zao zote mpaka mwisho, tena akauliza habari za watoto. Hakuna kilima kilichotukataa. Tulipoingia Bihambwe fundi alitoka gereji akipangusa mikono, akatuhesabu.

"Mwalimu, si ulisema Mama mumoja?"

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja, mbele za watu, wala sikujali. Kwa Mama namshukuru Mungu. Kwa yule mjane namshukuru fundi mkaidi, maana kwa puli niliyoitaka mimi ningemwambia pikipiki haiwezi, na ingekuwa kweli.