Mdomo Mtupu wa Ngalusa

Siku Rongkor alipozikwa, mkewe Ngalusa alivua sahani yake ya udongo, ile inayopachikwa katika mdomo wa chini uliotobolewa, akaifunga katika kipande cha ngozi na kuichomeka juu, kwenye nyasi za paa. Hakusubiri kuambiwa. Mwanamke wa Kimursi huvaa sahani anapompelekea mumewe chakula. Mume akiondoka, sahani nayo huvuliwa.

Alikuwa ameifinyanga mwenyewe, kwa udongo wa kando ya mto, akaichoma mpaka ikawa nyekundu iliyokolea. Hakuvumilia mchezo juu yake. Wasichana walipoanza kujipamba kwa ajili ya magari ya wageni wapiga picha, pembe kichwani, vikapu kichwani, sahani mdomoni ilhali hakuna hata chungu kilichoinjikwa, yeye ndiye aliyewasuta mbele za watu.

"Sahani si kofia," aliwaambia. "Ukiivaa umesema neno. Usiseme neno usilolitaka."

Walimcheka, wakambandika jina la mama mkwe wa boma zima.

Rongkor aliacha mdogo wake mmoja, Olibui, na mjane hurithiwa ndani ya ukoo wa mumewe. Hilo Ngalusa hakulikataa. Alimkataa Olibui. Rongkor alipolala siku ishirini na mbili kifua kikimkoroma, Ngalusa alikwenda zizini kwa shemeji yake kuomba kibuyu kimoja cha damu na maziwa. Olibui alimwonyesha ng'ombe wake mweusi wa mabaka, akasema amekonda mno, shingo yake haitoboleki. Jioni ileile vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mapigano ya fimbo walikunywa damu ya ng'ombe huyohuyo, na Olibui ndiye aliyewashikia kibuyu. Rongkor alikufa tumboni mwake mna maji matupu.

Kwa hiyo Ngalusa aliwaomba wanaume wa boma wamwache avune mtama wake kwanza, ndipo aseme atakwenda kwa nani. Moyoni alikuwa na binamu mmoja wa Rongkor, mtu mpole asiye na makuu. Wanaume wakakubali. Olibui naye akakubali, maana mbele za watu alikuwa mwepesi wa kukubali.

Lakini hapakuwa na mavuno. Zamani mto Omo ulifurika, ukarudi, ukaacha tope jeusi kingoni, wanawake wakapanda humo na kula mwaka mzima. Sasa umefungwa kwa bwawa huko juu na watu ambao hawajawahi kuonja mtama wake, nao unapita mwembamba na mtiifu kama mbwa aliyepigwa. Ngalusa alipanda kwenye udongo mkavu. Mtama ukafika magotini, ukakauka umesimama. Mwezi wa tano wa ujane wake, binti zake wawili walianza kulala mchana kwa njaa.

Ndipo gari likaja. Lililetwa na Tesfu, kijana wa mji wa Jinka anayetembeza wageni, aliyejua Kimursi cha kuombea picha na si zaidi. Safari hii alikuwa na mume na mke waliokwisha kuchoshwa na pembe na vikapu. Walitaka kitu cha kweli, Tesfu akaeleza: mke akimpelekea mumewe chakula. Akawapitia wanawake kwa macho, akamwona Ngalusa, ambaye mdomo wake ulikuwa mpana kuliko midomo yote pale. Akaahidi gunia zima la unga.

"Mimi ni mjane," Ngalusa akamwambia.

"Mama, hawa wanajua mjane ni nini? Picha tu. Kufumba na kufumbua, imekwisha."

Gunia lilikuwa juu ya gari, linaonekana. Ngalusa alilitazama, kisha akawatazama binti zake, na huyo mdogo hakuwa hata na nguvu ya kufukuza nzi usoni.

"Na mume nitamtoa wapi?"

Olibui alikuwa kivulini na wenzake, wakinyoosha fimbo motoni. "Mimi nipo, shemeji," akasema. "Hata pua tumefanana na marehemu."

Wanaume wakacheka. Ngalusa mwenyewe nusura acheke. Jirani yake Ngadole akamwazima bakuli la ugali wa mtama uliobaki. Ngalusa akaishusha sahani kutoka paani, akaipachika. Iliingia kwa maumivu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeanza kunywea. Akapiga magoti, akamnyooshea Olibui bakuli kwa mikono miwili, na Tesfu akamwagiza Olibui ajifanye anapeleka tonge kinywani.

Olibui hakujifanya. Alimega, akatafuna, akameza, akamega tena. Wageni walifurahi, wakapiga picha mbele na nyuma. Akala mpaka bakuli likawa tupu, akalifuta kwa kidole, akakilamba. Kwa wanawake, kicheko kilimkatika Ngadole peke yake.

"Ngalusa," akamnong'oneza, "amemeza."

Kesho yake asubuhi Olibui aliwakusanya wanaume, akamdai mkewe. Ngalusa akasema ule ulikuwa mchezo, kila mtu aliona kamera, kila mtu aliona gunia.

"Kamera ni yao," Olibui akajibu. "Sahani ni yetu. Nani hapa amewahi kumwona mjane na sahani mdomoni, akipiga magoti na ugali mkononi? Na nani aliniona nikitema?" Kisha akawageukia wale wenye mabinti. "Si yeye mwenyewe aliyewafundisha watoto wenu? Ukiivaa umesema neno."

Wanaume wakatazama chini. Walijua, wote. Walijua habari ya kibuyu cha damu, walijua kwamba mtama umekauka, na ahadi ya mavuno walikuwa wameitoa kwa vinywa vyao. Lakini wakasema sahani haiwezi kuambiwa imedanganya, kwani ikidanganya kwa mmoja itadanganya katika nyumba zote. Hivyo waliilinda desturi, na mwanamke aliyeipenda kuliko wao wote wakamtoa ailipie. Ngalusa akawachukua binti zake, akaenda kwa Olibui. Maneno yalikuwa yake, na hakuna aliyeyapindisha.

Unga ulidumu siku kumi na tisa.

Siku ya kwanza nyumbani kwa Olibui, Ngalusa alipika vizuri, akampelekea ugali mbele ya wenzake waliomtembelea. Mdomo ulikuwa mtupu, unaning'inia.

"Sahani iko wapi?" Olibui akauliza.

"Kwenye paa la mume wangu."

"Mimi ndiye mume wako."

"Mume wangu amekufa," Ngalusa akasema. "Kula, ugali unapoa."

Alimpiga usiku ule, na usiku uliofuata. Chakula kikaendelea kuja kwa wakati wake, kimeiva, kimepangwa, kimeletwa kwa mikono miwili na magoti chini, hakina kasoro ya kushitakia. Ila mdomo mtupu. Vijana wa fimbo wakapata neno la kuchekea: Olibui anakaliwa matanga huku anatafuna. Siku moja akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya kaka yake, akaichomoa sahani paani, akamtupia mapajani wakati wa chakula, wenzake wakiwapo. Ngalusa akaiokota, akamrudishia, akamnyooshea uso.

"Nivalishe basi."

Hakuna mwanamume wa Kimursi awezaye kufanya hivyo mbele za watu. Olibui akaiweka chini, akala.

Kiangazi kilichofuata Tesfu alirudi na gari jingine, akamtaka mama yule wa ugali. Juu ya gari kulikuwa na gunia kama lile. Olibui akamwambia Ngalusa avae. Binti zake walikuwa wameketi mlangoni, macho yao kwenye gunia, na yeye aliwaona.

"Nilivaa mara moja," akasema.

Akaleta ugali, mdomo mtupu. Wageni wakatazama, wakanong'onezana, wakamwambia Tesfu kwamba huyu hafai. Wakaondoka kwenda boma la pili, kwenye pembe na vikapu, na gunia likaondoka nao. Binti mdogo akaanza kulia. Ngalusa alibaki amepiga magoti, bakuli mikononi, mpaka Olibui aliponyoosha mkono akamega.