Mzee Chonga na Kompyuta ya Nasiha

Kwa miaka thelathini na mmoja Chonga alikuwa fundi umeme wa makreni pale bandarini Kilindini. Alipanda ngazi za chuma za kreni zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, jua na mvua, na alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani na barua ya shukrani. Yeye alikuwa Mdigo wa Ng'ombeni, lakini alioa Mji wa Kale, na alikaa na mkewe Mwanakhamis katika ghorofa ya kwanza ya nyumba ya ukoo wa mke, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu.

Kustaafu hakukumfanya akae bure. Mtaa mzima ulimjua. Feni ikigoma, pasi ikikataa kushika moto, redio ikianza kukoroma, watu walipanda ngazi wakabisha hodi, naye hakumrudisha mtu. Alipenda kusikia watu wakisema, "Mpelekee Mzee Chonga." Maneno hayo yalimlisha kuliko chakula.

Kitu ambacho mtaa haukukijua, wala Mwanakhamis hakukijua, ni kwamba kwa mwaka na nusu macho yake yalikuwa yakififia. Mwanzoni alidhani ni miwani imechafuka. Akaifuta, akaifuta tena. Baadaye akajua si miwani. Taa zilikuwa zimevaa duara la ukungu, na herufi za gazeti zilikuwa zimegandana. Hakumwambia mtu. Alijifunza kufungua skrubu kwa kupapasa na kuzitambua nyaya kwa mpangilio wake badala ya rangi. Mkewe akimpa kitu akisome, alisema, "Nisomee wewe, miwani iko ndani."

Binti yao Nasiha alikuwa na miaka ishirini na saba. Mchana alifanya kazi ya mapokezi katika zahanati, na jioni alisomea afya ya jamii kwa masafa. Alibakiza jambo moja tu, utafiti wake wa mwisho. Kwa miezi minane alikuwa amezunguka Kibokoni, Likoni na Majengo akiwahoji kina mama thelathini na wanane waliojifungulia nyumbani, wengine wakafiwa na watoto, na mmoja aliyekuwa hajawahi kulisema jina la mwanawe mbele ya mtu hadi alipomtajia yeye. Aliwarekodi kwa simu, na simu ilipojaa akazihamishia sauti zile kwenye kompyuta ya nyumbani, akazifuta simuni. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya mtumba, imewekwa ukumbini karibu na dirisha. Kila mtu nyumbani aliitumia, lakini iliitwa kompyuta ya Nasiha.

Jumamosi moja baada ya alasiri, Nasiha alikuwa akiandika, kioo kikawa cheusi, kisha kompyuta ikajiwasha yenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini. Akangoja ikawaka yote, akaanza upya. Baada ya dakika arubaini ikafanya vilevile.

"Baba," akaita, "hii kompyuta inajizima na kujiwasha."

Chonga akaja na testa yake ya kupimia umeme mfukoni. Moyoni alifurahi, na furaha ile alikuja kuikumbuka baadaye kwa aibu.

"Tutaijua tu," akasema. "Umeme hauna siri. Ukitaka kujua ugonjwa, badilisha kitu kimoja kimoja."

Siku ile akabadilisha soketi. Kompyuta ikaenda nusu saa, wote wakaanza kupumua, ikajizima. Jumapili akaazima stabilaiza kwa jirani, kwa kuwa umeme wa mtaa ule hupanda na kushuka. Ikaenda dakika ishirini. Jumatatu akafungua kava, akatega sikio kwenye feni moja baada ya nyingine. Zote zilizunguka. Akachomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua ncha zao za shaba kwa kifutio, akavirudisha. Safari hii haikufika dakika kumi.

Nasiha alikuwa akijaribu kuokoa kazi yake. Sauti zilikuwa nzito. Kuzihamisha kwenye flashi kulitaka muda ambao kompyuta haikuutoa. Akasema atanakili kidogokidogo, na akaanza vizuri, lakini mashine ikajizima katikati, na ilipowaka tena flashi yenyewe ilikuwa imeharibika, haifunguki. Sura mbili za mwanzo alikuwa ameshamtumia msimamizi wake. Sura ya tatu na ya nne, pamoja na sauti zote thelathini na nane, zilikuwa ndani ya lile sanduku. Kazi ilitakiwa Ijumaa. Na kozi yenyewe chuo kilikuwa kinaifunga. Wao ndio walikuwa darasa la mwisho.

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Nasiha alisimama mlangoni na mtandio wake mkononi.

"Baba, nataka tuipeleke kwa Ndinda, yule fundi wa nyuma ya soko la Marikiti. Watu wa zahanati wote humpelekea yeye."

"Ndinda atafanya nini nisichofanya mimi?"

"Sisemi hujui, baba. Nasema muda umeniishia."

"Nipe leo tu. Ukirudi utaikuta inakwenda."

Nasiha akamtazama mamake. Mwanakhamis aliendelea kumimina chai. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia Chonga kwamba hawezi.

"Haya, baba," Nasiha akasema. "Leo tu."

Akaondoka. Chonga akanywa chai yake, akaibeba kompyuta hadi sakafuni penye mwanga, akaketi juu ya mkeka. Aliamua kuisafisha yote, maana vumbi hushika joto, na joto huzima mashine. Hapo alikuwa amekaribia ukweli kuliko siku zote zile, lakini hakujua. Alichukua brashi ya rangi akapangusa ndani. Kisha akachukua kitambaa akafuta nje, ubavuni na nyuma, akisugua kwa nguvu pale kwenye sanduku la umeme, lile linaloilisha mashine, ambapo vumbi lilikuwa limeganda kama ukoko. Chini ya kitambaa akahisi kitu kimesogea kidogo. Akadhani ni donge la uchafu limebanduka.

Akachomeka waya. Akabonyeza.

Ulitoka mlio mmoja mkali kama kofi, ukafuatwa na moshi mwembamba. Mwanakhamis akaja mbio kutoka jikoni.

"Kuna nini, Baba Nasiha?"

"Fyuzi," akasema. "Rudi tu."

Lakini ile harufu aliijua. Makreni mawili yalikuwa yameungua mbele yake katika kazi yake yote, na harufu ilikuwa hiyohiyo. Akachomoa waya. Akapapasa nyuma ya sanduku la umeme mpaka kidole kikakuta swichi ndogo iliyozama ndani ya tundu lake. Akaibeba mashine yote hadi dirishani, akavua miwani, akasogeza jicho la kushoto karibu kabisa na bati. Ilimchukua muda kuisoma. Swichi ilikuwa nyekundu, na ilisimama kwenye volti mia moja na kumi na tano.

Ni swichi ambayo mwanagenzi wa wiki ya kwanza hufundishwa asiiguse. Iko kwa ajili ya nchi ambazo umeme wao ni nusu ya wetu. Yeye aliiambia mashine kwamba itapewa nusu, kisha akaipa umeme mzima wa Mombasa.

Chonga akaishusha mashine sakafuni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kwa ncha ya bisibisi akairudisha ile swichi mahali pake, ili mtu asijue.

Alikodi mkokoteni, akaifunika kompyuta kwa khanga ya mkewe, akaenda nayo kwa miguu mpaka nyuma ya Marikiti. Ndinda alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mkamba wa Machakos, duka lake jembamba kama ukanda. Alimpa mzee kiti.

"Karibu, mzee. Ina shida gani?"

"Ilikuwa ikijizima na kujiwasha. Leo imekataa kabisa."

Ndinda akaifungua. Alifanya kazi kimya, akipima hapa, akinusa pale. Akatoa sanduku la umeme, akatoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake mwenyewe, akangoja. Akaichomoa, akaitazama chini ya taa.

"Sanduku la umeme limekufa," akasema. "Bodi imekufa. Na diski hii umeme umeipitia. Kuna nini ndani?"

"Kazi ya binti yangu."

"Yote?"

"Yote."

Ndinda akashusha pumzi. Akaigeukia tena ile bodi, akabandua feni ndogo ya ubongo wa mashine. Kwa kidole akaparuza uji mweupe uliokauka ukawa unga. "Ona, mzee, hii ndiyo iliyokuwa ikiizima. Dawa ya kupitisha joto imekauka, na mguu mmoja wa feni umevunjika, kwa hivyo feni inazunguka lakini haigusi vizuri. Ni kazi ya dakika kumi."

Chonga alitazama pale alipoonyeshwa. Aliona kitu cheupe na kitu cheusi, basi.

Ndinda akaliinua tena sanduku la umeme. Akalizungusha, akapitisha ukucha nyuma yake. "Hii swichi imesogezwa," akasema polepole. "Kuna mkwaruzo mpya wa chuma. Imekwenda, ikarudi."

Nje wachukuzi walikuwa wakipigiana kelele juu ya magunia ya viazi. Chonga akaikunja khanga mapajani, akaikunjua.

"Nilikuwa nafuta vumbi," akasema. "Sikuiona."

"Hukuiona?"

"Sioni vizuri, mwanangu."

Ndinda hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alisema kuna watu Nairobi ambao hufungua diski zilizoungua, ataituma kesho asubuhi, lakini asiwape watu wa nyumbani matumaini.

"Na binti akikuuliza," Chonga akasema, "mwambie imekufa yenyewe."

"Sitamwambia uongo, mzee. Lakini asiponiuliza, sitasema."

Nasiha hakuuliza. Jioni ile aliporudi, babake alimwambia kwamba kompyuta ilikuwa imechoka, ikaungua, na kwamba Ndinda ataituma diski Nairobi. Nasiha akakaa kwenye ngazi na viatu vyake miguuni. Hakulia. Alimpigia msimamizi wake, akaongezewa siku tano, akazitumia kuandika kwa mkono yale aliyoyakumbuka. Alikumbuka mengi, lakini utafiti si kukumbuka. Walitaka maneno yenyewe ya wale kina mama, na maneno yenyewe hayakuwepo. Siku ya sita jibu likaja kutoka Nairobi: diski haina kitu kinachosomeka. Wiki mbili baadaye chuo kikatoa orodha ya watakaofuzu, na jina lake halikuwemo.

Wakati wote huo Nasiha alikuwa mpole kwa babake. Alimwambia, "Si kosa lako, baba, ulijaribu." Alimwambia hivyo mara tatu, na kila mara Chonga alisikia kama anachomwa. Akaacha kula vizuri. Mwanakhamis akadhani ni homa.

Mwishowe akashindwa. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, Nasiha anakunja nguo ukumbini.

"Nasiha, kaa nikwambie."

Akamwambia. Kitambaa, swichi, mlio, na ile bisibisi aliyoirudishia swichi. Mwanakhamis alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni.

Nasiha aliendelea kukunja nguo moja mpaka ikawa ndogo kama kitabu.

"Macho yako yana muda gani hivyo?"

"Mwaka na nusu."

"Na uliniambia nikupe leo tu."

"Nilikwambia."

"Ningekuwa nimeipeleka kwa Ndinda asubuhi ile."

"Ndiyo."

Chonga akangoja binti yake aseme zaidi, afoke, amwambie neno baya analostahili. Nasiha akachukua rundo la nguo akaenda nalo chumbani, akafunga mlango taratibu. Tangu siku ile hakusema tena kwamba si kosa la babake.

Alichofanya ni kumpeleka hospitali ya macho. Aliomba ruhusa kazini, akamshika kiwiko, akamvusha barabara, akajaza fomu kwa niaba yake. Daktari alisema jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, litapasuliwa na huenda likarudi. La kulia lilikuwa na presha, na presha ilikuwa imekwisha kuua mshipa wa kuonea. "Mngekuja mwaka jana," daktari akasema, na Nasiha akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine. Njiani wakirudi hawakuzungumza, isipokuwa palipokuwa na shimo au ngazi. Hapo alisema, "Angalia," na kiganja chake kikakaza.

Jicho la kushoto lilipasuliwa mwezi wa pili. Lilirudi kwa kiasi. Chonga sasa aliweza kumwona binti yake mezani, akinywa chai kwa haraka, ameinamisha uso, na hakujua kama ni vyema kuona au la.

Asubuhi moja Mwanakhamis akajaribu. Alikuwa amesikia kuna chuo kingine kinapokea wanafunzi, wanakubali sehemu ya masomo ya nyuma.

"Ungeanza tena utafiti, mwanangu. Wale kina mama si wapo?"

Nasiha akaweka kikombe chini.

"Wawili wamehama. Mmoja amefariki, mama, yule wa Majengo. Na waliobaki, niende niwaambie nini? Yule aliyenitajia jina la mwanawe alilia mpaka akatapika. Niende nimwambie kilio chako kimepotea, unililie tena?"

Chonga alikuwa pale pale, upande wa pili wa meza, na hakuna aliyemtazama.

"Wacha, mama," Nasiha akasema. Akavaa mtandio wake, akashuka ngazi kwenda kazini.