Mvua Aliyoisukuma Kukhu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa makaa na mafuta ya taa, huko mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, miaka ya sabini, niliijua mvua kwa sauti kabla ya kuiona. Ilianzia mbali, juu ya mabati ya watu wengine, ikaja mbio. Mpaka leo mabati yakilia, situlii. Nafungua mlango, naufunga, naufungua tena.

Mwaka mmoja mvua haikutupa nafasi ya kupumua. Mto ulio chini ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga ulipanda ukabeba choo, kisha ukuta wa udongo wa jirani ukaanguka ukamvunja mumewe mguu. Asubuhi yake wanawake walijaa mlangoni kwetu, mbele yao Mama Njeri, mwenye ploti. Walimtaka nyanya yangu, Kukhu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka kwao Bunyore, magharibi. Ilijulikana kwamba babake alikuwa mtu wa mvua.

"Shosho, tumesikia unaweza kuifunga," alisema Mama Njeri. "Tusaidie. Watoto wataenda na maji."

"Nyinyi si watu wa kanisa?"

"Ni wa kanisa. Lakini maji yako mlangoni."

Kukhu alitikisa kichwa. "Mvua haifutwi. Baba yangu hakuifuta hata siku moja. Inasukumwa tu. Ukiitoa hapa, itaangukia mwingine. Mnajua ni nani?"

Mjomba Jothamu, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, akasema ni kweli. Huko aliona ndege zikirushwa kupuliza dawa mawinguni ili mvua ya mawe isiharibu majani ya chai, na wakulima wa upande wa pili wakalia kwamba wameibiwa mvua yao.

"Kama ndege inaweza, yeye anashindwaje?" mwanamke mmoja akadakia.

Kisha sauti ikatoka nyuma: "Labda hataki. Labda ndiye aliyekuja nayo."

Mama akashika fremu ya mlango. Maneno kama hayo yakishasemwa kwenye ploti, hayarudi mdomoni. Kukhu alimtazama mama, akanitazama mimi, akainuka.

Alifunika chungu juu ya majivu ya moto, akavunja tawi bichi la ua uliozunguka ploti, akatoka nje bila kitambaa kichwani. Alilipunga tawi lile kama mtu anayeswaga mbuzi, midomo ikimtetema. Sijui kama alikuwa akiomba au akikumbuka. Kabla ya mchana kuisha mvua ilikatika. Wanawake walipiga vigelegele, Mama Njeri akaleta maziwa.

Kukhu hakuyagusa. Alienda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Wingu lilikuwa limehamia upande wa Kibera, jeusi kama sufuria.

"Rael wangu anakaa wapi?" alimwuliza mama, ingawa alijua.

"Kisumu Ndogo, huko Kibera, Mama. Kaa chini."

Hakukaa. Mjomba alitumwa akamwangalie. Jioni alirudi na Shangazi Rael, binti mdogo wa Kukhu, miguu mitupu, mtoto mgongoni akitetemeka kwa baridi. Maji yalikuwa yameingia yakachukua kitanda na cherehani, na mtoto alivutwa kwa mkono mmoja kupitia dirishani.

"Ni mimi," Kukhu alisema.

"Wacha, Mama. Kuna mtu amejenga juu ya mtaro, maji yakakosa njia."

"Ni mimi, Rael."

Haikupita wiki, akarudi Bunyore. Hakuja tena Nairobi.

Sasa nasikia kwenye redio wataalamu wakieleza utafiti wao wa kupunguza mvua kubwa kabla haijaharibu. Nawatakia heri, nimeona ukuta ukianguka. Hata hivyo nasikiliza nikiwa nimesimama. Siamini kwamba tawi la ua lilihamisha wingu, ila siku nyingine, mbingu ikiwa nzito, sina uhakika. Jambo ninalojua ni kwamba bibi yule alizeeka akijihesabu kuwa mtu aliyekaribia kumzamisha mwanawe, na kati ya wote waliojaa mlangoni kumsihi, hakuna hata mmoja aliyesafiri hadi Bunyore kumwambia: Shosho, tuliisukuma pamoja.