Nilivyotia Bei Matangani

Mimi nauza mikeka. Si ile ya plastiki inayoshushwa kwa makontena, ni ya miyaa, inayosukwa na akina mama wa Pemba na wachache wa Mkwaja. Nilianza kwa kuitandaza barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga mjini, na kwa miaka mingi mteja wangu alikuwa yule aliyepita kwa miguu macho yake yakavutika. Akipita na haraka zake, basi. Kuna siku nilishinda kutwa nzima naitikia salamu tu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayesoma Dar, ndiye aliyenifungulia ukurasa mtandaoni. Alikuja likizo akanikuta naipiga picha mikeka imekunjwa na kuegemezwa ukutani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mamdogo, hii ni mikeka au mabomba ya maji?"

Akanifundisha kuweka tagi. Unapandisha picha, unagusa pale bidhaa ilipo, unaandika jina lake na bei yake. Mtu akiigusa ile picha kinajitokeza kidoti cheupe, na kidoti kinafungua kibao kidogo: mkeka wa futi sita, rangi tatu, bei hii. Akigusa tena anaingia dukani kwangu na kuagiza. Hakuna tena mtu wa kuniuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua, na watu hao nilikuwa nawachukia kwa moyo wote.

"Ila mkeka mtupu hauuzi, mamdogo," alinionya. "Watu wanataka kuuona umekaliwa. Tia watu."

Niliyashika maneno hayo kuliko somo lolote nililowahi kupewa. Tabu ilikuwa watu wenyewe. Mume wangu hataki picha, watoto wamekwisha kuwa wakubwa na wana maisha yao, na mimi nikijitazama kwenye simu naona shangazi yangu. Nikajipaka hina miguuni nikapiga picha miguu yangu juu ya mkeka. Wakanunua wawili. Nikaona kumbe binti kasema kweli, na tangu hapo kila nilipoingia nyumba ya mtu nilitazama sakafu yake kwanza, halafu ndiyo nikamtazama mwenye nyumba.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku jirani yangu alipofiwa na mumewe. Sisi tunagawana ukuta mmoja. Mtoto wangu wa pili alinyonya kwake wiki nzima nilipolazwa hospitali, kwa hiyo watoto wetu ni ndugu wa ziwa. Mumewe alikuwa dereva wa lori la machungwa ya Muheza. Alirudi safari, akala, akajilaza kidogo mchana, hakuamka. Nilisikia kilio cha jirani kupitia ukutani, nikatoka mbio bila viatu.

Sikungoja kuombwa mikeka. Mtaa wetu ukipata msiba kila nyumba hutoa wake, na kila mtu ametia uzi wa rangi yake kwenye pembe ili siku ya kurudisha asije akachukua wa mwenzake. Mimi nilibeba mipya ya kuuza, minane, ile mizuri kuliko yote, nikaitandika chumba cha wanawake. Nilifanya kwa mapenzi. Nasema hivi si kujitetea, ni kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi: nilianza vizuri.

Siku ya tatu, asubuhi ya khitma, wanawake walikuwa bado hawajajaa. Dirisha lilikuwa wazi na jua limeingia likalala juu ya mikeka yangu, rangi zote zikaamka, zambarau na kijani na ile nyekundu ya magome ya mkoko. Jirani yangu alikuwa amekaa peke yake, ameegemea ukuta, kanga imemteremka mabegani, mdomo umeachama kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikatoa simu nikapiga. Nikajiambia napiga ili nikumbuke mikeka yangu ni ipi, maana ilikuwa mipya, sijaitia uzi. Hata wakati najiambia nilijua ni uongo.

Kesho yake nikaipandisha ile picha. Nilifikiria kumkata jirani abaki mkeka tu, nikajaribu, ikawa picha ya sakafu. Nikamrudisha. Nikaandika, "Mikeka ya shughuli zote, gusa picha uone bei." Sikuandika msiba. Nikaweka tagi nne, moja kwa kila mkeka ulioonekana vizuri, na mmoja wa mikeka hiyo ndio aliokuwa ameukalia yeye. Kidoti kilikuja kukaa gotini pake. Nilikiona. Nikajaribu kukisogeza, kikaangukia mkeka mwingine, nikakirudisha pale pale gotini.

Jirani yangu alikuwa kwenye eda, na mwanamke aliye edani kwetu hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Sihitaji kuambiwa na sheikh, nimelelewa humo humo. Nilikuwa natoka kumpikia uji, narudi kwangu, nafungua simu kutazama wangapi wamemgusa.

Na waliigusa picha ile, tena si kidogo. Nilitarajia kuuza mkeka mmoja nikapata maagizo ya Dar, ya Arusha, ya Mombasa. Ile mikeka iliyokuwa barazani ikaisha, nikawapigia akina mama wa Pemba wasuke mingine, wakafurahi na wao. Kila nilipotaka kuitoa ile picha agizo jingine liliingia, nami nikasema nimalizane na huyu kwanza.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Chini ya picha mteja mmoja aliandika, "Huyo mama mbona kama kanyimwa pilau la harusi?" Wakacheka wengi. Na mimi, mimi niliyesimama naye alipokuwa akimuaga mumewe kwa mara ya mwisho, nikamjibu mteja kwa vikatuni viwili vya kucheka, nikaongeza, "Karibu sana dukani, mpendwa." Sikutaka kumpoteza mteja. Mpaka leo nikikumbuka ule "mpendwa" natamani sakafu inimeze.

Picha ilikaa siku nne. Siku ya tano asubuhi akaja kwangu dada wa marehemu, mwanamke mtu mzima, aliyekuwa amelala matangani tangu siku ya kwanza. Nilikuwa napanga mizigo ya kutuma kwa basi.

"Shikamoo, dada," nikamwambia, nikamvutia kigoda.

"Marahaba." Hakukaa. Alikuwa ameshika simu ya mwanawe, ameinyoosha mbali na macho yake maana haoni vizuri karibu. "Hebu nambia, mwenzangu. Hii simu nikiigusa hapa inanambia bei. Nikigusa hapa inanambia bei. Kweli?"

Nikasema, "Kweli, dada."

"Basi nataka kununua. Ila sitaki mkeka." Akaweka kidole juu ya uso wa wifi yake. "Huyu hapa katikati, huyu aliyekaa, huyu naye ni bei gani? Maana namgusa hanijibu."

Nilishika kamba ya kufungia mzigo nikawa naikunja na kuikunjua. Yeye hakupaza sauti, na nilitamani apaze. Angenitukana ningepata pa kushika, mimi si mtu wa kushindwa kwa mdomo. Akasema ndugu yao aliyeko Mombasa ndiye aliyeiona, na wenzake kazini, wanaume, wamempitishia wakicheka maneno ya pilau. Hakujua kama aliyejibu kwa kicheko ni mimi, au alijua akanisitiri. Akageuka akaenda zake, kigoda kikabaki kimesimama katikati ya baraza.

Niliifuta picha pale pale barazani. Kuifuta kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba.

Adhuhuri mabinti wa jirani wakaniletea mikeka yangu yote minane. Ilikuwa imefutwa kwa kitambaa chenye maji, imeanikwa, imekunjwa. Wakanisalimu kwa adabu, kama kawaida, wakaiweka na kuondoka. Wageni walikuwa bado wanakuja kutoa pole, na nilijua chumba kile kimebaki na vipande vya majamvi ya kuazima na sakafu ya saruji. Mikeka ile niliiuza. Ningesema niliigawa msikitini ningependeza, lakini niliiuza, wateja walikuwa wanasubiri.

Nilikaa siku mbili ndipo nikapata miguu ya kuvuka. Jirani alikuwa chumbani, amekaa juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne. Nikapiga magoti nikamwomba radhi, nikalia, na hata kulia kwangu kulinichukiza, maana aliyefiwa alikuwa yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yamekwisha, jirani," akasema. "Inuka."

Halafu akaniuliza taratibu, bila kijembe, kama alivyozoea kuniuliza habari za biashara tukichambua mchele pamoja:

"Lakini ile picha iliuza?"

Nikamjibu, "Kidogo tu."

Akatikisa kichwa, akanionea huruma. Alidhani nimejifedhehesha na faida sikupata. Nikamwacha adhani hivyo. Nikarudi nyumbani nikijiona mdogo kuliko hata nilipotoka.

Tukaendelea kuishi. Eda ikaisha, akatoka, tukarudia kupeana chumvi na bakuli za mchuzi. Hakuwahi kulitaja tena, wala wifi yake, wala mtu yeyote mtaani. Nilianza kuamini kwamba watu wamesahau. Ukurasa wangu upo mpaka leo na tagi naweka, ndizo zinazonilisha; nimerudia miguu yangu na hina. Mpwa wangu huniuliza kwa nini sitii watu tena. Namwambia Tanga watu wana haya.

Mwaka uliofuata mama yangu, niliyekuwa namuuguza kwangu, akafariki. Jirani alikuwa wa kwanza kufika. Alinitoa kitandani kwa mama, akanivua vipuli vya masikioni, akanifunga kanga kifuani. Aligawa kazi, akatafuta wa kuosha, akawaelekeza vijana wapi watandike mikeka ya wanaume. Mikeka ililetwa na mtaa mzima, na yake aliileta mwenyewe, ina uzi wa bluu pembeni. Chumba kikajaa wanawake mpaka mlangoni. Akaja akakaa ubavuni kwangu, akanishika mkono wa kushoto na viganja vyake vyote viwili, akawa anausugua kama wa mtoto aliyeshikwa na baridi. Wengine walikuwa wanalia wazi, kanga zimewaanguka, nyuso zimelowa, kila mmoja alivyo. Kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya kigoda nilijiona niko nyumbani miongoni mwa watu wangu.

Kaka yangu alikuwa njiani anateremka kutoka Amani, na wanaume wakatuma neno kutoka nje: wamsubiri au wazike? Ilikuwa lazima nimpigie. Nikaingiza mkono wa kulia ndani ya blauzi nikatoa simu.

Chumba kizima kilio kilikatika, na wanawake, kuanzia waliokuwa mbele yangu mpaka wale wa mlangoni, wakavuta kanga zao wakajifunika nyuso. Nilibaki na simu mkononi natazama nguo tupu.

Nikamgeukia jirani yangu. Yeye alihitaji mikono yake miwili, kwa hiyo akauweka mkono wangu chini, polepole, juu ya mkeka, kisha akajifunika.