Waya Mmoja, Nyumba Tatu

Anayesema kushirikiana ni kuzuri hajawahi kushirikiana telefoni na majirani. Sisi tulikuwa na moja kwa nyumba tatu, kambini Panda kwa wafanyakazi, miaka ile kampuni ya shaba ilipokuwa inakufa na mshahara ukabaki hadithi. Mwenyewe alikuwa kapita mzee wa nyumba ya kwanza, msimamizi wa zamani kiwandani. Aliwekewa enzi ya kazi, na sijui kwa muujiza gani santrali ya simu haikumkatia. Baba yangu, fundi umeme wa kiwandani, alivuta waya kutoka kwake hadi kwetu, kisha kutoka kwetu hadi nyumba ya tatu, kwa mama mmoja wa maombi. Kila nyumba ikapata chombo chake.

Na kila nyumba ikapata matata yake! Ikilia, inalia kote mara moja, na watu watatu wanaita "Alo!" hadi mpigaji anachanganyikiwa. Basi tukapatana kwamba kapita ndiye apokee kwanza, na kama si yake, apaze sauti uani, kwenye lupango: "Ni yenu!" Alipaza, ndiyo, lakini hakuweka chombo chini. Ulikuwa unazungumza na shangazi yako huku unasikia pumzi za kapita. Baba alicheka tu. Mimi sikucheka.

Halafu kifua cha baba kikamzidi. Lori lililokuwa linakwenda Lubumbashi lilikuwa na nafasi ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumshika, na kaka yake mkubwa ndiye aliyepanda. Baba alimwambia mama: "Nitaita ku telefoni. Nikisema kuya Lubumbashi, kuya. Usingoje."

Kuanzia hapo mama hakutoka. Alifunga vitenge viwili kwenye furushi, akakaa karibu na telefoni akichambua maharage, yale yale, hata yaliyokwisha chambuliwa. Misa hakwenda. Siku ya tatu baba mkubwa alipiga, akasema watampasua Alhamisi. Alhamisi ikapita. Ijumaa nilinyanyua chombo, kimya. Hata ule mvumo wa kawaida haukuwepo.

Nilijua waya. Tangu utoto mimi ndiye niliyemshikia baba ngazi na koleo, na majirani walishazoea kunicheka, eti msichana gani huyu. Nikawaza wezi, maana miaka ile shaba ilikuwa na miguu. Lakini waya ulikuwepo, na juu yake, kati yetu na nyumba ya tatu, zilining'inia nguo zimelowa chepechepe.

"Mama! Hii si kamba ya nguo!"

"Mwana, kamba njo kamba," mama wa maombi akanijibu bila kugeuka.

"Na telefoni yako inasema?"

"Haisemi tangu jana. Minawaza nayo inafunga kula pamoja na minye."

Mungu wangu! Hata hivyo jibu lake lilinisaidia. Kama kwake nako ni kimya, basi waya umekufa kabla ya kufika kwetu, upande wa kapita. Nikaenda. Kapita alikuwa barazani, akanikaribisha vizuri kuliko kawaida yake, hata akaniletea kiti.

"Ya kwangu nayo ilikufa," akasema. "Santrali njo inaleta matata. Mungoje tu."

Nikamshukuru, nikatoka. Sijafika hata kwenye geti, telefoni yake ikalia ndani. Kapita akaingia haraka, akafunga mlango.

Nilisimama pale nikiutazama mlango. Kumbe! Mzee mzima, na mvi zake, ananidanganya mchana kweupe. Baba yangu amelala hospitalini, mama yangu hali, halali, na yeye anaitaka telefoni peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Mama sikumwambia kitu, nisimwongezee.

Kesho yake asubuhi nikamwona kapita anatoka amevaa koti, na mkewe amekwisha ondoka. Nikachukua koleo la baba, nikaweka meza chini ya paa lao, nikapanda. Waya ulikuwa umekatwa. Si kwa upepo wala panya, ni kwa kisu, na ncha zote mbili zimefungwa kitambaa kwa uangalifu. Nilimtukana yule mzee matusi ambayo sikujua ninayajua. Nikakwangua shaba, nikaunga, nikakaza, nikakimbia nyumbani.

"Mama, imepona!"

Mama akanyanyua chombo, akasikiliza, akacheka. Siku ngapi hakuwa amecheka! Akakirudisha taratibu. Mimi nikaegemea mlango, mikono kiunoni, fundi mzima.

Ikalia. Kwa kapita hapakuwa na mtu wa kupokea, basi mama akapokea mwenyewe. Sauti ya shangazi yangu kutoka Lubumbashi ilikuwa kubwa hata mimi niliisikia.

"Alo, mama kapita? Ni minye, dada ya marehemu. Ile waya ya kwa muke wake mulikata muzuri? Asisikie kitu. Yaya yetu mukubwa anafika leo na bantu ba jamaa, njo bamwambie akiwa ya kuikala chini."

Kwetu habari ya kifo haipewi mjane kavukavu. Inapelekwa kwanza kwa jirani mwaminifu, ndugu wanakusanyika, wanawake wanamkalisha chini na kumshika mikono huku na huku, ndipo mkubwa anasema. Kapita alikuwa ameshika neno hilo siku mbili, amekwenda barabarani kumpokea baba mkubwa, na mkewe amekwenda kuwaita wanawake.

"Njo minye," mama akasema kwenye telefoni. "Minye muke wake."

Alikuwa amesimama. Alianguka bila mtu wa kumshika, kwa sababu aliyekuwa karibu ni mimi, na mimi nilikuwa mlangoni nangoja kusifiwa.