Tulipokosa Walalamikaji

Ofisi yetu ya kompyuta, katika kampuni moja ya shaba hapa Kolwezi, ilikuwa na mlango wa chuma. Ukiwa na shida hukuruhusiwa kuugonga. Ulitakiwa urudi mezani kwako, ufungue ukurasa wetu, uandike shida yako na usubiri. Hayo tuliyaita maendeleo. Mkuu wetu alirudi nayo kutoka mafunzoni Lubumbashi, na mimi niliyapenda kuliko yeye, maana sipendi kukatizwa kazi.

Mwanzoni malalamiko yalimiminika. Kisha yakapungua, hata zikapita wiki bila mtu kuandika neno. Mkuu akavimba kichwa. Kwenye kikao cha wakuu wa idara, alikokwenda nami, alimwonyesha mkurugenzi mchoro ukutani, mstari ukiteremka kama njia ya mtoni.

"Mashini yote inatulia sasa," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi. Sisi wa huku husalimiana kwanza, tukaulizana watoto wameamkaje, ndipo shida ifuate. Kumwandikia mtu aliye ng'ambo ya ua ni kumwambia hutaki kuuona uso wake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulitoka kwa mama aliyekuwa mkuu wa bohari ya vipuri, mzaliwa wa familia iliyohamia huku kutoka Kasai asiyemung'unya maneno.

"Tata direkta, hakuna kutulia. Siye tulichokaka. Vipuri tunaombana ku WhatsApp, kila mutu na telefone yake. Bale ba informatiki, tulibasahauka."

Mkurugenzi hakupaza sauti. Alisema, ikiwa watu wa kompyuta tumesahaulika hivyo, ipo kampuni Lubumbashi inayoweza kufanya kazi yetu kwa mbali. Kama mpaka mvua ziishe hakuna anayetuhitaji, ofisi itafungwa. Niliogopa, nina watoto shuleni. Nilikasirika pia, na hasira yangu yote ilimwendea yule mama.

Kesho yake mkuu aliamuru mlango ukae wazi, nasi tuzunguke kila asubuhi: karakana, maabara, mizani, bohari. Tusalimie, tukae, tusikilize. Mimi nilipangiwa bohari, na mpaka leo naamini ilikuwa adhabu. Siku ya kwanza mama aliitikia salamu yangu bila kuinua macho. Baadaye akanivutia kiti. Ukurasa wa kuombea vipuri, ambao wafanyakazi wake walikuwa wameukimbia, tuliutengeneza upya tukiwa tumekaa pamoja, tukibishana. Ulipokwama alinigombeza mbele ya bohari nzima. Nilirudi ofisini nikinung'unika, lakini kesho yake nilikwenda tena.

Mvua zikaisha, tukarudi kikaoni. Mstari ukutani ulikuwa umepanda hadi juu. Hatukuwahi kulalamikiwa vile.

Mkurugenzi akamgeukia mama wa bohari. "Mama, aba ba informatiki banazidi kuharibu?"

"Hapana, tata. Mutu wa inje, unamunyamaziaka tu. Wa mu nyumba ndiye unamugombezaka. Musifunge ule mulango."

Kisha akanigeukia mimi, uso umekunjwa vilevile.

"Na weye, leo haukupita kunisalimia. Mashini ya kuchapa inakufa tena."

Niliinuka palepale, kikao hakijaisha, nikaenda bohari.